Kahawa, manjano na manemane: mimea inavyochunguzwa dhidi ya kovu la ini

MOSHI ni mji uliojengwa na kahawa. Zao hilo liliingia kwenye mteremko wa Kilimanjaro kupitia mashamba ya wamisionari miaka ya mwisho ya karne ya 19, likawapatia wakulima wa Kichagga fedha za kusomesha watoto, na mwaka 1933 likazaa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake bado linasomeka kwenye majengo ya katikati ya mji. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Uchagani kinachochemka jikoni asubuhi ni chai. Kahawa huvunwa, hukobolewa, huoshwa, huanikwa na kuuzwa. Wanaoinywa kwa wingi wako Ulaya, Marekani na Japan.

Ni huko kwa wanywaji ndiko watafiti walikogundua jambo ambalo mkulima wa Kibosho au Machame huenda hajalisikia. Kati ya vitu vyote vya asili ya mimea vilivyowahi kuhusishwa na kulikinga ini lisipate kovu, hakuna chenye ushahidi mwingi uliokusanywa kwa binadamu kama kahawa. Si mizizi iliyofungwa kwenye magunia sokoni, wala vidonge vya bei kubwa vinavyopambwa kwa picha za majani ya kijani.

Suala hili si la udadisi wa kisomi tu. Wagonjwa wengi wenye makovu ya ini katika nchi zetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa, tumbo likiwa limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, au baada ya kutapika damu. Baadhi yao huwa wamepitia kwanza kwa muuza miti shamba, wakatumia miezi kadhaa na fedha nyingi. Ndiyo maana swali la mimea ipi ina uwezo gani, na kwa ushahidi upi, lina uzito wa uhai wa mtu.

Kovu la ini ni nini

Ini ni kiungo chenye uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Sehemu yake ikikatwa, inayobaki hukua tena. Tatizo huanza pale jeraha linapojirudia mwaka hata mwaka, ama kwa virusi, ama kwa pombe, ama kwa mafuta yaliyojazana ndani ya seli zake, ama kwa mayai ya minyoo ya kichocho. Ndani ya ini mna seli ndogo zenye umbo la nyota ambazo Karl Wilhelm von Kupffer, mtaalamu wa Kijerumani, alizieleza mwaka 1876. Ini likiwa zima, seli hizo hukaa kimya zikihifadhi vitamini A. Ini likijeruhiwa, huamka, huacha akiba yake, hubadilika umbo na kuanza kutengeneza nyuzi za kolajeni, yaani zile zile zinazofanya kovu kwenye ngozi.

Kwa muda mfupi kazi hiyo ina faida. Ikiendelea kwa miaka 20 au 30, nyuzi huungana na kuligawa ini katika vinundu vigumu. Damu inayotoka matumboni hukosa njia, mishipa ya koo la chakula huvimba, wengu hukua, maji hujaa tumboni. Hatua hiyo ya mwisho huitwa sirosisi, na kwa lugha ya mtaani husemwa kwamba ini limesinyaa. Katika miaka yote inayotangulia, mgonjwa anaweza asihisi lolote.

Katika Kilimanjaro visababishi vyote vikuu vipo. Cha kwanza ni homa ya ini aina ya B, ambayo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ilikuwa ikiishi ndani ya watu wapatao milioni 254 duniani mwaka 2022 na kuua milioni 1.1 katika mwaka huo mmoja. Tanzania iliingiza chanjo ya ugonjwa huo katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Cha pili ni pombe, na hapa haihitaji maelezo marefu kwa mtu anayejua nafasi ya mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi iliyotiwa uchungu wa gome la msesewe, katika mahari, misiba na vikao vya ukoo. Mbege yenyewe si kali. Tatizo ni wingi wake, na zaidi bia na pombe kali zilizokuja kuketi pembeni yake. Cha tatu ni kichocho, ambacho kitazungumzwa mbele. Cha nne ni mafuta kwenye ini, yanayoongezeka mijini pamoja na unene na kisukari.

Kwa miongo mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba kovu la ini likishaingia halitoki. Imani hiyo ilivunjika. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa 348 wa homa ya ini aina ya B waliotumia dawa ya tenofoviri kwa miaka mitano na kuchukuliwa vipande vya ini kabla na baada. Miongoni mwao 96 walikuwa na sirosisi walipoanza. Baada ya miaka mitano, 71 kati ya hao hawakuwa nayo tena. Tenofoviri ni dawa ile ile iliyomo kwenye kidonge kinachotumiwa na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Haikutengenezwa kuyeyusha kovu. Ilizuia virusi tu, na ini lenyewe likafanya kazi iliyobaki. Kipimo hicho ndicho kila mmea unaodaiwa kutibu ini unapaswa kuwekwa mbele yake.

Kikombe cha kahawa

Habari za kahawa na ini zilipata nguvu mwaka 2006, pale Arthur Klatsky na wenzake huko California walipochapisha uchambuzi wa watu 125,580 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata sirosisi ya pombe iliyo chini kwa takriban asilimia 80 ikilinganishwa na wasiokunywa kahawa kabisa. Chai haikuonyesha matokeo hayo.

Mwaka 2021 ukaja uchunguzi mkubwa zaidi kutoka Uingereza, wa watu 494,585 waliofuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 11. Wanywaji wa kahawa walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 21 ya kupata ugonjwa sugu wa ini, na kwa asilimia 49 ya kufa kwa ugonjwa huo. Faida ilionekana hata kwa kahawa iliyoondolewa kafeini, ingawa iliyosagwa kutoka kwenye buni ilionyesha matokeo makubwa kuliko ile ya unga wa papo kwa papo. Zaidi ya vikombe vitatu au vinne, hakukuwa na nyongeza ya maana.

Ukweli kwamba hata kahawa isiyo na kafeini ilionyesha matokeo ni muhimu, kwa sababu unaonyesha kwamba buni haina dawa moja. Kafeini yenyewe inajulikana inavyofanya kazi. Ini lililojeruhiwa hutoa kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujishikiza kwenye milango maalumu juu ya seli za nyota na kuziamuru zitengeneze kolajeni. Kafeini huziba milango hiyo, kama inavyoziba ile ya ubongoni inayoleta usingizi. Lakini buni ina pia asidi ya klorojeni, na mafuta mawili, kafestoli na kaweoli, ambayo katika maabara yameonekana kuamsha vimeng'enya vinavyoondoa sumu mwilini. Mafuta hayo yana upande wa pili: hupandisha lehemu. Kahawa inayochemshwa kwenye birika bila kuchujwa, kama ile chungu inayouzwa kwa vikombe vidogo vijiweni, huwa nayo mengi. Karatasi ya kuchujia huyazuia.

Pamoja na yote hayo, kahawa haijathibitishwa kuwa dawa. Tafiti zilizotajwa ziliangalia watu walivyoishi wenyewe. Hakuna aliyewagawa makundi mawili kwa bahati nasibu na kuwaamuru nusu yao wanywe. Inawezekana mtu ambaye ini lake limeanza kuchoka hupoteza hamu ya kahawa, na hivyo asiyekunywa kuonekana mgonjwa wakati kumbe ni mgonjwa kuonekana asiyekunywa. Watafiti wamejaribu kuondoa mkanganyiko huo kwa hesabu, na matokeo yamejirudia katika nchi nyingi mno kuwa ya bahati tu. Neno la mwisho, hata hivyo, bado.

Panya si mtu

Ukitafuta katika majarida ya sayansi orodha ya mimea iliyozuia kovu la ini, utaipata ndefu kuliko orodha ya miti ya msitu wa Kilimanjaro: manjano, mlonge, tangawizi, kitunguu saumu, shubiri, chai ya kijani, komamanga na mamia mengine. Karibu yote ilijaribiwa kwa panya.

Njia inayotumika zaidi ni kumdunga panya kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi mara kadhaa kwa wiki. Baada ya wiki sita hadi nane ini lake huwa na kovu. Kundi moja la panya hupewa pia juisi ya mmea, kisha maini hulinganishwa. Njia hii ni nafuu na ya haraka, lakini ina mitego. Kaboni tetrakloridi yenyewe haina madhara makubwa mpaka kimeng'enya fulani cha ini kiigeuze kuwa sumu. Mmea wowote unaokizuia kimeng'enya hicho utaonekana umelinda ini, kumbe umezuia tu sumu ya maabara isitengenezwe. Kwa binadamu mwenye virusi vya homa ya ini, ambaye hakudungwa kemikali hiyo, mmea huo unaweza usiwe na kazi. Tena, panya mara nyingi huanza kupewa dawa siku ile ile anayoanza kujeruhiwa, wakati mgonjwa wa kweli hufika akiwa na kovu la miaka 20.

Manjano ni mfano mzuri. Kiini chake, kurkumini, kimezuia seli za nyota katika maabara nyingi duniani. Tatizo ni kwamba kikimezwa hakifiki kwenye damu kwa kiasi cha maana. Sehemu kubwa hupita na choo au kuvunjwa na utumbo na ini lenyewe. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba kikichanganywa na piperini, kiini cha pilipili manga, kiasi kinachoingia kwenye damu ya binadamu huongezeka kwa asilimia 2,000. Watengenezaji wa vidonge walilipokea jambo hilo kwa shangwe. Kilichofuata hakikuwa cha kufurahisha: mwaka 2019 mamlaka za Italia zilichunguza wagonjwa kadhaa waliopata homa ya ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na huko Marekani nako madaktari wamekuwa wakiripoti maini yaliyojeruhiwa na bidhaa hizo, nyingi zikiwa na piperini. Manjano ya kwenye pilau hayahusiki. Kijiko cha bizari ni kitu kimoja. Gramu kadhaa za kiini chake, kila siku, kwa njia inayolazimisha mwili ukipokee, ni kitu kingine kabisa.

Mimea iliyofika mbele ya mgonjwa

Michache imevuka kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu. Iliyosafiri mbali zaidi ni mmea wa miiba wenye maua ya zambarau unaoota kandokando ya Bahari ya Mediterania, kwa jina la kitaalamu Silybum marianum. Mbegu zake hutoa mchanganyiko uitwao silimarini, na vidonge vyake huuzwa katika maduka ya dawa ya miji mingi, mijini Afrika Mashariki pia, kama "dawa ya kusafisha ini".

Mwaka 1989 madaktari wa Vienna walitangaza matokeo ya wagonjwa 170 wa sirosisi, nusu wakipewa silimarini na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopewa silimarini waliishi zaidi. Matumaini yalipanda. Mwaka 1998 madaktari wa Barcelona walirudia kwa wagonjwa 200 wa sirosisi ya pombe, na hawakuona tofauti yoyote ya vifo. Mwaka 2012 wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C nchini Marekani walipewa dozi kubwa kuliko ya kawaida, na ini lao halikupata nafuu kuliko la waliopewa vidonge vitupu. Mahali ambapo kiini cha mmea huo kinaheshimika kweli ni kwenye vyumba vya dharura vya Ulaya, ambako huingizwa kwenye mshipa kumsaidia mtu aliyekula uyoga wenye sumu kali. Hiyo ni kazi nyingine.

Kolkisini ina historia inayofanana. Hutoka kwenye ua la Ulaya, lakini imo pia katika mmea wa porini unaotambaa, wenye maua mekundu na njano, Gloriosa superba, unaoonekana sehemu nyingi za Tanzania. Mwaka 1988 madaktari wa Mexico waliripoti katika jarida kubwa la Marekani kwamba wagonjwa wa sirosisi waliotumia kolkisini waliishi kwa wastani miaka 11, dhidi ya mitatu na nusu kwa wasiotumia. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2005 hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zilitoa matokeo ya wagonjwa 549 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa, na faida ile haikuonekana. Ikumbukwe kwamba kolkisini ni sumu: kiazi cha Gloriosa kimeua watu waliokichimba na kukila.

Arusha Chini na konokono

Sehemu ya hadithi hii inayoigusa Moshi kwa karibu zaidi iko kusini mwa mji, ambako mteremko unaisha na maji ya mlima yanamwagwa kwenye mashamba ya miwa na mpunga. Katika mifereji ya umwagiliaji huishi konokono wadogo wanaobeba kichocho cha tumbo. Minyoo ya ugonjwa huo hukaa kwenye mishipa ya matumbo, na mayai yake husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa hapo, na kila yai huzungukwa na kovu dogo. Baada ya miaka, kuta za mishipa ndani ya ini huwa nene kama mabomba. Mgonjwa wa aina hii anaweza kutapika damu hadi kufa huku seli za ini lake zikiwa bado zinafanya kazi vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti kijana wa Kiingereza, Alan Fenwick, alifanya kazi ya kudhibiti kichocho katika shamba la miwa la Arusha Chini kwa kuua konokono na kutibu wafanyakazi. Taarifa zake zilichapishwa na WHO mwaka 1972. Dawa za wakati huo zilikuwa kali na zenye madhara. Prazikwanteli, inayotumika leo na inayogawiwa mashuleni, ilikuwa haijapatikana.

Wakati huo huo, kaskazini, nchini Ethiopia, mmea ulikuwa umeingia kwenye vita hivyo. Mwaka 1964 Aklilu Lemma aligundua kwamba katika mto mmoja wa Adwa konokono walikufa kwa wingi pale tu wanawake walipofulia nguo. Walikuwa wakitumia matunda ya mmea uitwao endodi, Phytolacca dodecandra, badala ya sabuni. Povu lake liliwaua konokono. Mmea huo huota pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Lemma na mwenzake, Legesse Wolde-Yohannes, walitunukiwa mwaka 1989 tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Sweden. Endodi haikuwahi kuwa dawa ya kumeza, lakini mtu anaweza kusema kwa haki kwamba mmea unaozuia minyoo isifike mwilini unalikinga ini kuliko ule unaojaribu kufuta kovu baadaye.

Manemane, ile sandarusi ya mti wa nchi kavu za Pembe ya Afrika, ilikuwa na bahati tofauti. Mapema miaka ya 2000 kampuni moja ya Misri ilianza kuiuza kama dawa mpya ya kichocho, asilia na salama, ikiwa na tafiti zilizodai inaponya zaidi ya tisa kati ya kumi. Madai hayo yakawavuta watafiti huru. Mwaka 2005 kundi la Misri, akiwemo Alan Fenwick yule yule wa Arusha Chini, sasa akiwa profesa London, likalinganisha manemane na prazikwanteli kwa wagonjwa. Prazikwanteli iliponya takriban robo tatu yao. Manemane haikufika hata asilimia 20.

Inayojeruhi

Wapo watu wanaoamini kwamba kitu cha porini, kwa kuwa ni cha porini, hakiwezi kumdhuru mtu. Ini linajua vinginevyo, maana kila kinachomezwa hupita kwake kwanza. Kundi moja la kemikali za mimea, alkaloidi za pirolizidini, huziba mishipa midogo ya ini na kuacha kovu. Zimo katika mimea ya jamii za Crotalaria, Heliotropium na Senecio. Kuanzia mwaka 2001 kijiji kimoja cha Tigray, Ethiopia, kilikumbwa na ugonjwa wa ini ulioua watu wengi bila sababu kujulikana. Uchunguzi wa baadaye uliuhusisha na mbegu za gugu Ageratum conyzoides zilizochanganyika na nafaka. Gugu hilo, lenye maua madogo ya rangi ya samawati, limejaa katika mashamba ya Tanzania.

Mirungi nayo iko kwenye orodha. Hulimwa kwa siri katika milima ya Same, mkoani Kilimanjaro, ingawa sheria inakataza. Uchunguzi uliofanyika mashariki mwa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2018 ulihusisha utafunaji wake na ugonjwa sugu wa ini kwa wanaume.

Hakuna katika hayo kinachomaanisha kwamba tiba asili haina nafasi. Tanzania ina Taasisi ya Tiba Asili ndani ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, iliyotokana na kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974, na ina sheria ya mwaka 2002 inayotaka waganga na dawa zao kusajiliwa. Lakini sheria haikuzuia yaliyotokea mwaka 2011, pale makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakipitia Arusha na Moshi, walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mizizi ya mugariga cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Baadhi walikuwa wameacha dawa zao nyumbani. Wapo waliofia kwenye foleni.

Mgonjwa mmoja mmoja kusema amepona hakutoshi, na sababu yake inaonekana vizuri katika dawa mpya kabisa. Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetiromu, dawa ya kwanza mahsusi kwa ini lenye mafuta na kovu. Agosti 2025 ikafuata semaglutaidi. Zote mbili si za mitishamba. Katika jaribio la resmetiromu la wagonjwa 966, kovu lilipungua kwa takriban robo ya waliomeza dawa. Lakini lilipungua pia kwa asilimia 14 ya waliomeza vidonge visivyo na kitu. Laiti vidonge hivyo vitupu vingekuwa unga wa mizizi, watu hao, mmoja kati ya kila saba, wangekuwa mashahidi wa dhati wa mizizi hiyo, na hakuna ambaye angekuwa anasema uongo.

Kwa mkazi wa Moshi, kujua kama ana homa ya ini aina ya B kunahitaji tone la damu na dakika chache. Akikutwa nayo, vipimo vya kawaida vya damu, chembe sahani na vimeng'enya vya ini, vinatosha kumpa daktari makadirio ya kiasi cha kovu hata pasipo mashine za kisasa. Kama amekuwa akitumia gome, mizizi au vidonge vya dukani, inafaa avichukue aende navyo, kwa kuwa piperini na mimea mingine hubadilisha namna mwili unavyozitumia dawa za hospitali. Chakula chake kinaweza kubaki na bizari. Pombe aiache. Na akipenda, anaweza kujimiminia kikombe cha kahawa iliyochujwa, ya shamba la kwao, isiyojazwa sukari, akinywe pamoja na kidonge chake cha tenofoviri.